Kopo la Zinaida Petrovna

Nilipoanza kazi nyuma ya jukwaa, Kiswahili nilikuwa nikizungumza na kamba tu, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kunielewa. Sasa mpo watatu: Mkongo wa taa, Mkenya wa mavazi, na yule binti aliyezaliwa Barking ambaye anaelewa kila ninachosema na hunijibu kwa Kiingereza. Siku ya kuniaga mlinitaka niyaandike niliyoyaona. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipata viwili, na vyote viliniongezea funguo na kunipunguzia usingizi. Nitaandika juu ya kamba, juu ya mwalimu wangu Reg, na juu ya wiki mbili ambazo ndani yake nilidhaniwa jasusi na serikali mbili kwa wakati mmoja, bahati ambayo si kila mtu wa Pemba huipata.

Miaka michache baada ya mapinduzi, serikali ilinichagua mimi, Haji Faki wa Wete, kwenda Urusi kusomea mitambo ya kutengeneza baridi. Sikuulizwa napenda nini. Nilipelekwa Leningrad, mji ambao baridi wanayo ya bure nusu ya mwaka, nikafundishwe namna ya kuitengeneza.

Bweni letu lilikuwa na mabomba ya joto yaliyofanya kazi pale yalipojisikia. Mwanafunzi mwenzangu mmoja akanionyesha siri: jumba kubwa la opera na baleti. Tiketi ya juu kabisa, karibu na dari, ilikuwa rahisi, na ndani mna joto kama jikoni siku ya harusi. Nikaenda kuota moto. Mara ya kwanza nililala. Mara ya pili nililala. Mara ya tatu mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipokea makoti mlangoni alinishika mkono.

"Kijana, unakoroma," akasema. "Humu wanaoruhusiwa kutoa sauti ni wale waliovaa mavazi."

Nikaomba radhi kwa Kirusi changu cha kuungaunga. Akanitazama, akaona viatu vyangu vya plastiki, akanikalisha kwenye kibao nyuma ya makoti. "Haya, kama utalala, angalau ujue unalala wapi."

Basi akanipa historia. Mwanzo, alisema, mahali pale palikuwa na ukumbi wa sarakasi ya farasi, ukaungua. Mfalme wao akalijenga jumba upya na kulipa jina la mkewe. "Mume mwema," alisema, "ingawa mkewe angefurahi zaidi kama mumewe angebaki nyumbani." Yakaja mapinduzi yao, tai wa mfalme wakabanduliwa kutani, na wafanyakazi wa viwandani wakakaa kwenye viti vya kifalme wakimenya mbegu za alizeti. Halafu jumba likabadilishwa jina, likapewa la kiongozi wa chama aliyeuawa. Ilipokuja vita, wachezaji walipakiwa kwenye treni wakapelekwa milima ya Urali, na yeye na wanawake wenziwe wakabaki juu ya paa na ndoo za mchanga, wakiyasubiri mabomu ya moto. Jumba lilitobolewa, likazibwa. Nilitoka mahali ambapo mtu alilala mtaa mmoja akaamka mtaa mwengine bila kuhama, kwa hiyo hayo ya majina niliyafahamu bila kamusi.

Nilimaliza masomo na cheti kizuri chenye muhuri mkubwa. Wiki hiyohiyo nikapata barua ya ami yangu, mistari miwili tu: kaka yangu amechukuliwa na askari, nami nisirudi kwanza. Hilo "kwanza" lilikuja kuchukua miaka kumi na zaidi. Nikafika London kwa binamu yangu, Edmonton, nikiwa na sanduku moja na kofia ya manyoya. Binamu alinisaidia kujaza fomu. Tulipofika pale pa elimu, kalamu yake ikasimama.

"Leningrad usiandike," akasema. "Watu hawa wanawaogopa Warusi kuliko wanavyoogopa jua. Andika *engineering, overseas*."

Nikaandika hivyo. Kila fomu iliyofuata nikaandika hivyo. Uongo haukuwemo humo, lakini kila nilipotia saini niliikunja fomu upesi.

Mafriji ya London hayakunitaka, au wenyewe hawakunitaka. Nikafanya kazi ghalani, nikasukuma vitanda hospitalini, nikamuoa Salma, mshonaji kutoka Mkunazini, mjini Unguja, ambaye wazee wake walikimbia kupitia Mombasa. Kisha nikaona tangazo: theatre moja kubwa inatafuta mtu wa kamba. Aliyenipokea ni Reg, mkuu wa kamba, Mwingereza mfupi mwenye shingo nene na mikono kama makasia.

"Umewahi kuwa baharia?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimepanda meli mara tatu, zote nikitapika. Lakini Reg mwenyewe alikuwa baharia wa zamani, na kwa imani yake mtu wa kisiwani huzaliwa na fundo mkononi. Akanipa kipande cha kamba nifunge. Nikafunga fundo la kufungia mbuzi wa Idi. Akalikagua kwa muda mrefu, akasema hajapata kuliona, akaniajiri.

Ninyi mliokuta vitufe na kompyuta hamjui. Zamani kila pazia, kila kasri lililochorwa, kila mwezi uliochomoza, ulining'inia kwenye bomba la chuma, na bomba lilisawazishwa kwa vyuma vya uzani. Tulisimama kwenye ubao mwembamba juu ya jukwaa tukivuta kwa mikono. Chuma kimoja kikikosekana, kasri humshukia mfalme wake. Reg alinifundisha mambo matatu. La kwanza, usipige mbinja ndani ya theatre, maana mabaharia wa zamani waliitana kwa mbinja, na ukipiga wewe huenda mtu akakuangushia mlima. La pili, taa nyekundu maana yake jiandae, ya kijani maana yake vuta, na kati ya hizo mbili usifikiri. La tatu, ukiona kitu kinashuka na mtu yupo chini, piga ukelele neno moja tu: "Heads!", yaani vichwa. Kila mfanyakazi wa jukwaani akilisikia hukimbia kwanza, huuliza baadaye.

La nne hakuhesabu kama somo. Siku yangu ya kwanza niliuliza wapi nitaswali. Akatoa dira ya shaba mfukoni, akatembea nayo kama bata nyuma ya kasri la mbao, akachora mstari wa chaki sakafuni. "Makka iko huko," akasema, "ukipinda kidogo pale kwenye kizimamoto." Kila mstari ulipofutika aliuchora tena, mpaka alipostaafu.

Sasa Warusi. Asubuhi moja msimamizi wa jukwaa, Bi Pauline, mwanamke aliyevaa saa mbili kwa kuwa moja hakuiamini, alitukusanya akatangaza kuwa lile jumba la Leningrad linaleta baleti yake kwetu kwa wiki mbili. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi mikono niliitia mfukoni. Mkimbizi mwenye fomu zangu zile, akigundulika anazungumza Kirusi safi, ataambia watu nini? Nikaazimia kuwa bubu.

Walikuja na makontena, na wachezaji wembamba kama mishumaa, na mkalimani mmoja ambaye kila wakati alikuwa akila na wakubwa, na bwana mmoja mwenye koti la kijivu ambaye hakuwa mchezaji wala fundi. Alikuja pia Zinaida Petrovna; Petrovna, kwa desturi yao, ni jina la baba. Huyu alikuwa bibi wa miaka kama sabini, kilemba kichwani, na kazi yake ilikuwa moja: sakafu. Kwao, kabla ya kucheza, sakafu ya mbao hunyunyiziwa maji ili viatu visiteleze, na yeye alikuwa na kopo la bati la kumwagilia maua alilokuja nalo mkononi ndani ya ndege.

Kuwa bubu wa lugha ni kazi nzito, jamani. Kwa siku mbili nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba chai yetu ni maji ya kuoshea tambara. Nilisikia kwamba Reg anafanana na mbwa anayeumwa na jino, nikalazimika kujifanya nakohoa. Kisha wakaanza na mimi.

"Yule mweusi wa kamba mbona ana huzuni?" mmoja akasema.

"Ana njaa. Mpe soseji."

Wakaniletea soseji ya nguruwe kwenye karatasi. Nikatikisa kichwa, mkono kifuani. Wakabishana mbele yangu iwapo mimi ni mwenye majivuno au naumwa tumbo. Zinaida Petrovna akapita katikati na kopo lake. "Wapumbavu! Huyu Mwislamu, kama Watatari wa kwetu. Hamkuona anavyoinama kule nyuma ya kasri? Ondoeni huo uchafu." Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kopo dogo la samaki, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole. Akaniambia kwa Kirusi, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto, "Kula, mwanangu. Mama yako hayupo hapa."

Nilipanda ngazi hadi juu, nikaketi kati ya vyuma vya uzani, nikala samaki wote kwa kidole.

Siku ya tatu ilikuwa mazoezi makubwa. Zinaida Petrovna alitoka na kopo akaanza kunyunyiza. Bi Pauline akaona maji yanaelekea kwenye nyaya za umeme, akapiga kelele. Mkalimani alikuwa kwenye chakula cha mchana. Basi wanawake wawili wakasimama katikati ya jukwaa, mmoja akitoa sheria za usalama kwa Kiingereza, mwengine akitoa historia kwa Kirusi. "Mwalimu wangu alinyunyiza mbele ya mfalme!" alikuwa akisema. "Nimenyunyiza kule Urali, maji yakiganda! Leo mwanamke mwenye saa mbili anizuie?" Kisha akampa kisogo, akainama, akaendelea na kazi.

Wakati huohuo kule juu, nilikokuwa na Reg, taa ya kijani ilikuwa imeshawashwa na msaidizi wa Bi Pauline, Reg ameshavuta, na bomba lenye msitu mzima wa mbao linashuka. Zinaida Petrovna alikuwa chini yake.

"Heads!" Reg akapiga ukelele.

Waingereza wote wakatawanyika kama kuku. Yeye akasimama palepale, akanyoosha mgongo, na kwa kuwa neno hilo moja la Kiingereza alilijua, akajishika kichwa kuona kama kilemba kimekaa sawa.

Reg aliikumbatia kamba kwa uzito wake wote, lakini msitu una uzito wake pia. Sikuchagua kusema. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya kipaza sauti cha stesheni ya Leningrad: "Zinaida Petrovna! Rudi nyuma! Upesi!"

Akarudi nyuma hatua mbili. Msitu ukatua mahali alipokuwa amesimama, ukalibonyeza kopo ubavuni. Kisha kila mtu jukwaani, Mrusi na Mwingereza, akainua uso kunitazama, na bibi yule akasema kwa utulivu, "Kumbe anajua na jina la baba yangu."

Siku hiyo nilihojiwa mara mbili. Kwanza ofisini kwa meneja, ambako palikuwa na bwana mmoja asiyejitambulisha, mwenye viatu safi mno. "Umekuwa nao kwa muda gani, hao Warusi?" akauliza. Saa moja baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, yule wa koti la kijivu akanikalisha kati ya sketi za wachezaji. "Umekuwa nao kwa muda gani, hao Waingereza?" Wote wawili niliwajibu ukweli: mimi ni fundi wa mafriji kutoka Pemba. Wote wawili walitabasamu kwa namna ileile.

"Na fundi wa mafriji anafanya nini kwenye kamba?" yule wa viatu safi aliniuliza.

"Hata mimi nimejiuliza, bwana," nikasema.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Salma. Binti yetu Mwatima alikuwa bado mchanga, amelala kwenye droo ya kabati, kitanda hatujanunua. Salma hakulia. Akaanza kukunja nguo, moja moja, akazipanga juu ya lile sanduku langu. "Wakiturudisha," akasema, "hiyo kofia yako ya manyoya utaivaa wapi Wete?" Nilicheka, kisha hatukucheka tena mpaka asubuhi.

Walioniokoa walikuwa wawili, Reg na friji. Reg alikwenda kwa meneja bila kuitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Kama huyu ni jasusi," akasema, "basi ndiye jasusi wa kwanza kufika kazini kabla yangu. Akiondoka naondoka, na pazia mtalivuta wenyewe." Meneja, ambaye hakuwahi kuvuta hata pazia la kwake nyumbani, akaomba apewe muda wa kufikiri.

Friji ilikuwa ile kubwa ya baa. Siku iliyofuata ilikuwa na karamu ya wakubwa, na mayai ya samaki yaliyotoka Urusi yalikuwa ndani yake. Asubuhi ikakata roho. Fundi wa kuitwa angefika keshokutwa. Bwana wa koti la kijivu akasimama upande mmoja, bwana wa viatu safi upande mwengine, na kwa mara ya kwanza nadhani wazo moja likawapitia wote. Wakanitazama.

Niliivuta friji kutoka ukutani. Niliomba bisibisi na kitambaa. Nikaigonga mota yake, nikasikiliza, nikakuta kipande kidogo cha umeme kinachoamsha mota kimeungua. Nikakifungua kingine kama hicho kwenye friji ndogo ya jikoni, iliyokuwa na maziwa tu, nikakihamisha. Ikanguruma. Mabwana wote wawili wakashusha pumzi pamoja, wakaangaliana, wakaona haya. Yule wa viatu safi akafunga daftari lake. "Fundi wa mafriji," akasema, kana kwamba ndiye aliyegundua. Sikumwona tena. Siku chache baadaye nilikwenda mwenyewe na cheti changu chenye muhuri mkubwa, nikaomba fomu zangu zirekebishwe. Karani akauliza Leningrad inaandikwaje.

Kuanzia hapo nikawa mkalimani wa sakafu. Bi Pauline na Zinaida Petrovna walikaa kwenye ngazi za jukwaa, mimi katikati.

"Muulize maji kiasi gani," akasema Bi Pauline.

Zinaida Petrovna akajibu kwa dakika kumi. Alianza kwenye sarakasi ya farasi, kama yule mama wa makoti. Akapita moto, wafalme, alizeti, akafika Urali ambako alikuwa bado kijana, na sakafu iliganda mpaka mwalimu wake akanyunyiza chai ya moto badala ya maji. Nami nilitafsiri kila neno. Niliona kuwa bibi huyu amebeba jumba zima mgongoni na hajapata wa kumtua. Bi Pauline alizitazama saa zake mara mbili za mwanzo, kisha akasahau. Tulipofika kwenye chai ya moto akatoa leso.

"Kwa hiyo ni kiasi gani?" akauliza mwishowe.

"Nusu ya kopo," nikatafsiri.

Wakakubaliana: nyaya zifunikwe, kopo lijazwe nusu, na Bi Pauline mwenyewe ashuhudie. Kopo lenyewe nililinyoosha kwa nyundo ya mpira, nalo likanyunyiza kwa upande tokea hapo.

Siku ya mwisho, Zinaida Petrovna aliniita kabla ya onyesho. Akanipa kopo. "Leo wewe," akasema. "Mimi miguu imechoka, na nataka kuona kama umefahamu. Taratibu. Unamwosha mtoto uso, hufui zulia." Nilikataa, naye hakusikia, kama kawaida yake.

Nikatoka jukwaani nyuma ya pazia kubwa nikaanza, nikirudi kinyumenyume kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikanogewa. Nilinyunyiza pembe zote, nikainama kukagua. Nililosahau ni kwamba tangu siku ya msitu ule, mtu wa kuangalia kuwa jukwaa ni tupu, na kumwambia Reg "salama", nilikuwa mimi. Bi Pauline aliona muda umefika kwa saa zote mbili. Kijani ikawaka. Reg, ambaye kufikiri hakumo katika masomo yake, akavuta.

Pazia likapaa. Nilikuwa katikati, nimevaa ovaroli, kopo mkononi, mbele ya theatre iliyojaa mpaka dari. Muziki ukaanza. Kutoka pembeni Zinaida Petrovna alikuwa akininong'oneza, "Maliza! Maliza!" Basi nikamaliza. Nikarudi kinyumenyume kwa kufuata ngoma, kwa kuwa miguu ilikuwa haijui la kufanya, nikamwaga tone la mwisho pembeni, na nikainama kama nilivyowaona wakiinama. Watu wakapiga makofi. Makofi marefu, wallahi. Gazeti moja la kesho yake lilisifu "mtunza bustani, mwanzo wa kimya na wa kina".

Salma alikuwemo siku ile, juu kabisa, kwa tiketi ya bure, mara yake ya kwanza theatre. Tukarudi Edmonton kwa basi. Tulipopita vituo vinne nikamuuliza ameonaje.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa mzuri, Baba Mwatima. Wale waliokuja baada yako kurukaruka saa tatu nzima ndio walioharibu."

Miaka ikapita. Dola lile la Warusi lilivunjika, mji ukarudishiwa jina la kale, na lile jumba nalo likarudishiwa jina la mke wa mfalme. Kaka yangu alikuwa ameachiliwa zamani, nami nimeshakwenda Wete mara kadhaa na kurudi. Zinaida Petrovna alikuwa amefariki; nilipata habari zake mwaka waliokuja tena, muda mfupi kabla sijastaafu. Kazi ya sakafu ilikuwa imeshikwa na msichana mwembamba mwenye pampu ya plastiki mgongoni. Aliposikia namsalimu kwa Kirusi akasimama wima.

"Wewe ni Haji? Kwetu wazee wote wanakusimulia," akasema. "Kulikuwa na sarakasi ya farasi, ukaja moto, wakaja wafalme, ikaja vita, halafu mwaka mmoja London, Mwafrika mmoja, mchezaji mkubwa wa baleti, alifungua onyesho peke yake na kopo la maji. Zinaida Petrovna alisema hajapata kuona mtu mwepesi wa miguu kama yeye. Ni kweli?"

Reg hakuwepo kunicheka. Alikuwa amestaafu pwani na dira yake. Bi Pauline naye hakuwepo. Nikanyoosha ovaroli yangu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Ningeendelea, ila goti lilinisaliti."